Sifuri ya Waiswa

Siku Masaba aliponipigia simu nilikuwa nimekaa kizingitini nakata kucha za miguu, kazi ambayo siku hizi inanimalizia asubuhi nzima kwa sababu mgongo haukubali kukunjwa. Akasema, "Afande, Waiswa wa Budondo ameruka." Kwa Wasoga pacha hafi, anaruka; ukisema amekufa wanakutazama kama umetema mate ndani ya nyumba. Nikamwuliza alikuwa anaumwa nini. Masaba akacheka kile kicheko chake cha puani, kile kile cha enzi alipokuwa akituendeshea gari, akasema, "Uzee tu, bwana. Wewe ulimpa msimu mmoja, yeye amekula sabini, miwili kila mwaka." Nikabaki na wembe mkononi. Kucha za mguu wa kulia sikuzimaliza, na mpaka naandika haya bado ni ndefu, zinatoboa soksi.

Wenzangu wakiandika maisha yao huanza na babu, na babu wa babu, na mto waliouvuka. Babu zangu nawaacha walale. Shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo msinitafutie mpangilio mzuri. Katika maisha yangu yote kuna mwaka mmoja ambao naweza kuusimulia bila kuongeza chumvi, kwa sababu ndani yake chumvi ilikuwa imeshazidi kabla sijaanza kusimulia. Nilikuwa na miaka thelathini na moja, sina mke, sina hata kitanda changu mwenyewe. Nilikuwa nimetoka jeshini, ambako sikupiga risasi hata moja. Nilikuwa nakoroga uji kwa mwiko mrefu kama jembe. Lakini nilikuwa nimebaki na koti, na buti, na Kiswahili cha kambini Jinja, na vitu hivyo vitatu Budondo vilitosha kunifanya afande. Watu wa pale, hasa wale waliokuwa wakubwa miaka ya utawala wa wanajeshi, wakisikia Kiswahili mgongo unanyooka wenyewe. Ukiwaambia kwa Kisoga mvua inakuja, watabishana nawe. Ukiwaambia kwa Kiswahili, wanaanua mahindi.

Aliyeniajiri alikuwa Opio, fundi wa vyombo, kijana mwembamba wa miwani ambaye alikuwa amesoma mpaka akasahau kula. Yeye na wenzake wa utafiti walikuwa wamesimamisha milingoti miwili ya chuma, mmoja Budondo katikati ya mashamba, mwingine Mbale, kwenye mteremko wa Wanale. Ule wa Budondo haukuwa mrefu. Ngazi ya mbao ya vidato saba ilikufikisha juu. Huko juu kulikuwa na vidole vya chuma vilivyoelekezana, vya kupima upepo, na pembeni yao kitu ambacho Opio alikiita jicho: vioo viwili vidogo vinavyotazamana, na katikati nafasi ya hewa ya upana wa kiganja. Siku ya kwanza alinieleza, na mimi nilikuwa natazama viatu vyake, vilivyokuwa vizuri. "Afande, shamba linapumua," akasema. "Mchana mimea inavuta hewa ya ukaa kutoka juu. Usiku udongo unairudisha. Mvuke wa maji nao unapanda, joto nalo linapanda. Sisi tunapima kinachopanda na kinachoshuka." Nikamwuliza, "Mara ngapi kwa siku?" Akajibu, "Mara kumi kwa sekunde." Nikamtazama kama unavyomtazama mtu aliyeanza kunywa asubuhi. Kazi yangu ilikuwa kufuta vioo kwa pamba, kuondoa buibui, kuandika mvua kwenye daftari, na kuhakikisha upande unakotoka upepo, yaani upande wa ziwa, hakuna mtu anayechoma majani, wala kulundika mkaa, wala kufunga ng'ombe. Moshi wa mtu mmoja, Opio alisema, unatosha kuharibu siku nzima ya hesabu.

Sasa upande huo wa ziwa ndio ulikuwa wa Waiswa. Alikuwa na umri wa miaka arobaini hivi, mfupi, kifua kama pipa, na shamba la kahawa ambalo hata mimi niliyekulia kambini nililiona ni zuri: miti imepangwa, chini kumefunikwa majani makavu, hakuna gugu. Pacha wake Tenywa alikaa ng'ambo ya njia, kwenye kipande cha mawe, anauza baiskeli zilizokufa. Mke wa Waiswa aliitwa Naigaga, alikuwa bado msichana, na yeye ndiye mtu wa kwanza kunilisha Budondo. Wiki ya kwanza sikuwa na jiko. Alinitumia viazi vitamu vilivyofungwa kwenye jani la mgomba, na mchuzi wa karanga kwenye kopo, na alipokuja kuchukua kopo nilikaa kimya kama gogo. Akaniambia kwa upole, "Afande, kwetu mtu akishakula anamshukuru mpishi kwa kupika. Na mpishi anamshukuru kwa kula. Asipoitikia, ujue nyumba hiyo haikutaki." Basi nikamshukuru kwa kupika, naye akaitikia, akanishukuru kwa kula, akacheka. Naliandika hili mapema ili lisinipotee huko mbele.

Mume wake alikuwa mtu wa namna nyingine. Alichoma magugu pembeni mwa kahawa yake, mimi nikaenda nikauzima moto kwa buti. Akauwasha tena, nikauzima tena. Mara ya tatu alisubiri jioni. Chumba changu kilikuwa nyuma ya duka la mafuta ya taa, pale kwenye senta, penye maduka ya kijiji, ukuta wa mbao, na upande wa pili wa ukuta ndio wanaume walikaa wakicheza bao kabla ya jua kuzama. Nilikuwa nimelala chali nanusa mafuta ya taa na dagaa, nikasikia sauti ya Waiswa: "Jamani, punguzeni kelele, mlinzi wa hewa amelala." Wengine wakacheka. Akaendelea: "Serikali imeona hewa ya Budondo inaibiwa, ikatuletea mwanajeshi." Mwingine akamwuliza, "Akimkamata mwizi wa hewa anamfunga wapi?" Waiswa akajibu, "Kwenye tairi ya baiskeli." Wakacheka mpaka kete zikamwagika. Kuanzia kesho yake hakuna aliyenisalimia sawasawa. Wanawake kisimani, wazee, hata katekista, wote: "Afande, leo wameiba upepo kiasi gani?" Nilikuwa nimechekwa jeshini pia, lakini jeshini unachekwa na watu wengi kwa zamu. Hapa nilichekwa na mtu mmoja kwa mdomo wa watu wote.

Lakini nikapata njia ya kuwanyamazisha. Opio alipokuwa anataka kujua kama jicho linaona, alipanda ngazi akalipulizia pumzi mara moja, huku mimi niko chini natazama kioo cha kompyuta ndani ya sanduku. Namba iliyokuwa mia tatu na kitu iliruka ikawa maelfu. Pumzi ya mtu ina hewa ya ukaa nyingi, alieleza; hakuna ajabu. Mimi nikaona ajabu. Opio aliporudi Mbale nikamwita bibi mmoja aliyekuwa anapita na kikapu, nikamwambia kwa Kiswahili changu chote kwamba mashine hii inapima uhai uliobaki kwa mtu. Akapanda, magoti yanalia, akapuliza. Nikasoma: "Elfu mbili na mia nne! Mama, wewe utaona vitukuu." Akashuka anapiga vigelegele, akaniachia fenesi zima. Jumapili iliyofuata walikuja kumi baada ya kanisa. Baadaye walijipanga foleni na viti vyao. Nilipata mahindi, mayai, mihogo, na kubwa kuliko vyote nilipata salamu. Aliyepuliza kwa nguvu nilimpa miaka mingi, aliyepuliza kwa woga nilimwambia arudi akiwa ameshiba. Hakuna niliyemwambia vibaya. Nasema hivyo si kwa kujitetea. Nasema ili mjue kwamba nilikuwa najua kusema vizuri nikitaka.

Waiswa peke yake hakuja. Alipita njiani akisema, "Mpulizieni, mpulizieni, labda atapaa." Lakini masika ile alipata kikohozi, kikohozi cha vumbi tu nadhani, au cha moshi wa magugu yake, na kikakaa. Nilikuwa nakisikia asubuhi kutoka kwenye kahawa, kho, kho, nikahesabu kama mtu anavyohesabu hatua za mgeni anayekuja mlangoni.

Siku aliyokuja, Opio alikuwepo Budondo kwa kazi ambayo hufanywa mara chache: kulifundisha jicho sifuri. Unachukua mrija mweupe wa plastiki, mnene kama gunzi la mahindi, unauingiza katikati ya vile vioo viwili, unafunga pande zote, halafu unaleta hewa kutoka kwenye mtungi wa naitrojeni, hewa isiyo na ukaa hata chembe. Jicho linatazama ndani ya mrija halioni kitu, namba inashuka, inashuka, inakuwa sifuri. Opio aliweka mrija, akaona sifuri imekaa, akaniambia, "Iache hivyo nusu saa, naenda kwenye gari kula. Mtu asiguse ngazi. Nikisikia mwanakijiji amepanda pale, wewe unarudi kukoroga uji." Akaenda. Masaba alikuwa huko barabarani na chapati. Ndipo Waiswa akatokea kwenye kahawa yake, peke yake, kofia mkononi. Nywele zake zilikuwa zimelowa. Alikuwa ameoga ili aje kwangu. "Afande," akasema, na hakukuwa na kicheko ndani yake. "Yale ya senta ni maneno ya senta. Nipime na mimi."

Ningeweza kumwambia rudi kesho. Maneno mawili. Ningeweza hata kumfukuza, maana nilikuwa nimekatazwa, na mpaka siku anaruka angekuwa ananitukana. Badala yake nikamwonyesha ngazi. Akapanda. Yeye hakuwahi kuliona jicho kwa karibu, kwa hiyo hakujua kwamba ule mrija mweupe si sehemu yake. Akapuliza, kifua kile kama pipa, mshipa wa shingo ukasimama. Nikatazama kioo. Sifuri. Namba zile za mbele ya nukta hazikutikisika. Nikamwambia, "Tena." Akapuliza tena. "Tena, kwa nguvu." Akapuliza mpaka kikohozi kikamshika huko juu, akakumbatia mlingoti asianguke. Mimi nikawa nasikia ndani yangu kitu kitamu, sitaki kuwaficha, kama chai ya maziwa inavyoshuka wakati wa baridi. Aliposhuka nikamwonyesha kioo, kwa sababu sifuri hata asiyesoma anaijua. "Sifuri," nikamwambia. "Haina kitu ndani." Akauliza, "Ya wengine inaonyesha nini?" Nikamwambia, "Wewe si umesikia? Maelfu." Akatazama kahawa yake, akatazama kofia. "Lini?" Nikajibu, kwa Kiswahili cha amri kabisa, "Msimu huu huvuki."

Nilipanga kumwambia jioni, mbele ya wanaume wa bao, ili wamcheke yeye. Huo ndio ulikuwa mpango wote. Lakini hakuja kwenye bao jioni hiyo, wala kesho yake. Keshokutwa yake mlinzi wa Mbale akatoroka kazi, na Opio akaniambia nipakie mkeka wangu. Nilipita na gari mbele ya nyumba ya Waiswa. Naigaga alikuwa anafagia uani, akanipungia mkono. Masaba alikuwa anaendesha taratibu kwa ajili ya mashimo. Ningesema "simama" angesimama. Nikajiambia kwamba sikudanganya. Kioo kiliandika sifuri, mimi nikasoma sifuri. Mtu wa darasa la tatu ukimpa sentensi ya namna hiyo anaweza kuishi ndani yake miaka mingi kama nyumba.

Mbale tulipanga nyumba chini ya Wanale, ya vyumba vitatu. Mlima unakutazama juu ya kichwa siku nzima, na mvua ikinyesha huko juu maporomoko yanaonekana kama uzi mweupe mtu ameuacha ukutani. Chumba changu na Masaba kilikuwa na vitanda viwili na mitungi ya hewa imesimama ukutani kama wageni waliokosa viti. Chakula kilipikwa na mama mmoja Mgisu aliyependa kuimba, na kwake nilijifunza kula malewa, yale machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi, anayachemsha saa nzima halafu anayamwagia karanga. Nilinenepa. Kila baada ya wiki mbili Masaba na Opio walikwenda Budondo kuchukua hesabu, na Masaba alirudi na habari, akazimwaga mezani pamoja na chumvi.

"Kuna mtu Budondo," alisema mara ya kwanza, huku akinikanyaga mguu chini ya meza kwa sababu alikuwa ameshasikia huko kwamba ni mimi, "mganga fulani amemwambia anakufa msimu huu. Ametoa ng'ombe wake kwa shemeji." Tukacheka. Mara ya pili: "Yule mtu amechimba kaburi lake mwenyewe, na ndani amelijengea kwa matofali. Amelala humo kupima urefu." Tukacheka mpaka yule mama wa malewa akaja kuchungulia. Mara ya tatu: "Ameita ukoo wote. Ameketi katikati, amempa pacha wake shamba lote la kahawa, mbele ya wazee, ili amlelee watoto akishaondoka." Opio aliacha kutafuna. Akauliza, "Nani alimwambia upuuzi huo? Yule mtu wa upande wa upepo? Kifua chake kizima kabisa, nimemsikia akipiga kelele." Masaba akanitazama. Mimi nilikuwa na mfupa wa samaki mdomoni, nikaufyonza, nikaufyonza, mpaka mazungumzo yakahama. Shamba lilikuwa limeshatolewa, lakini lilikuwa bado na joto la mkono wa aliyelitoa. Neno langu moja lingelirudisha. Opio angenifukuza siku hiyo hiyo. Nikapima malewa upande mmoja, kahawa ya mtu upande mwingine. Mimi pia nilikuwa napima, msidhani ni mashine peke yake.

Wiki moja baadaye nilikuwa naosha buti barazani nikamwona Tenywa anaingia getini. Alikuwa na sura ya ndugu yake, ila mwembamba na mwenye haya, au niliyedhani ana haya. Chini ya kwapa alikuwa na jogoo mwekundu, miguu imefungwa kwa kamba ya katani. Nikafikiri amekuja kunipiga, nikashika brashi vizuri. Akakaa kwenye benchi bila kukaribishwa. "Afande," akasema, "nilikwenda kupuliza kwa yule mlinzi mpya aliyeshika nafasi yako Budondo. Akaniambia elfu na mia tisa. Juzi nimepita nimemkuta fundi ameweka kitu cheupe kwenye jicho. Nikamwuliza ni nini. Akanieleza vizuri sana, ni mtu mwema. Akaniambia hata simba apulize hapo ni sifuri." Nikarudisha brashi kwenye buti. Akaendelea, "Ndugu yangu ameniambia siku aliyopima aliona kitu cheupe." Nikamwuliza, "Umemwambia?" Akaweka jogoo kati ya miguu yangu. "Nimekuja kukushukuru," akasema. "Sisi tulizaliwa siku moja, Afande. Yeye alinitangulia kutoka kwa pumzi mbili tatu tu, akapewa udongo mweusi, mimi nikapewa mawe. Usirudi Budondo mwaka huu." Nikamwambia kwamba Waiswa hatakufa, na asipokufa atalidai shamba lake. Tenywa akasimama, akapangusa suruali. "Kilichotolewa mbele ya ukoo hakidaiwi," akasema. "Na asipokufa msimu huu nitamwambia mashine haikutaja msimu wa mwaka gani."

Jogoo yule alilala kwenye baraza akipumua kwa mdomo. Yule mama akaniuliza, "Afande, huyu nimfanyeje?" Hapo palikuwa mahali pangu pa mwisho pa kugeukia, na napakumbuka vizuri kuliko siku ya ndoa yangu: saruji imelowa, brashi, jua la saa nne, na mlima juu. Nikamwambia, "Mpike." Alimpika kwa karanga, na ndizi pembeni. Masaba alikula shingo. Opio alisema hajala kuku mtamu hivyo tangu aje Mbale, akauliza nani wa kushukuriwa. Nikasema mgeni. Mimi nilikula paja na firigisi, nikakomba mchuzi kwa kidole. Mtu akiniuliza mwaka ule ulinifundisha nini, nitamwambia ulinifundisha kwamba chakula hakijui kilikotoka. Kinashuka tu.

Mwisho wa mwaka kazi ikaisha. Wakaing'oa milingoti yote miwili, wakafunga vidole vya upepo kwenye masanduku yenye sifongo. Opio alinionyesha karatasi yenye mistari inayopanda na kushuka: hapa mashamba ya Budondo yanavuta, hapa yanatoa, hapa mvua ilikatika. Akaweka kidole mahali mstari ulipolala chini kabisa. "Hii siyo shamba," akasema. "Hii ni ile siku ya mrija. Tunaifuta, haihesabiwi." Akaifuta mbele yangu. Mimi nilibaki Mbale, nikaoa, nikauza matairi, nikazeeka. Miaka yote hiyo nilijua Waiswa yu hai, maana Masaba ana dada aliyeolewa huko. Kutoka Mbale hadi Budondo, karibu na Jinja, ni safari ya asubuhi moja. Sikwenda.

Nilikwenda kumzika. Nilivaa koti la kijeshi, sijui kwa nini, labda kwa sababu ndilo pekee lenye mikono mirefu. Kaburi lilikuwa lile lile alilojichimbia. Matofali yalikuwa yameota ukungu wa kijani na walilazimika kutoa mizizi. Uani moto wa msiba ulikuwa unawaka, moshi unakwenda ulikosimama mlingoti, moshi ule ule aliokatazwa. Nyumba ilikuwa ya udongo, ile ile niliyoiacha, imeegemea upande mmoja, na kuizunguka kulikuwa na maharage na viazi, maharage na viazi mpaka mlangoni. Ng'ambo yake kahawa ya Tenywa ilikwenda mpaka macho yanachoka, na juu yake bati jekundu la nyumba yake. Tenywa mwenyewe alikuwa amenenepa, ana fimbo na saa. Akaniona, akafungua mikono. Akanikalisha kwenye kiti cha mbele hemani, akashika kipaza sauti: "Huyu ndiye Afande aliyemwambia ndugu yangu ukweli bila kumficha, akapata muda wa kujiandaa. Nani kati yetu amepewa bahati hiyo?" Watu wakapiga makofi. Mzee mmoja akaja kunishika mkono kwa mikono miwili. Tenywa akainama sikioni mwangu akasema, "Nimekuchinjia jogoo, Afande. Mwekundu."

Nikatoka kwenye hema nikazunguka nyuma, jikoni. Naigaga alikuwa amekaa kwenye jamvi peke yake anapepeta maharage, nywele nyeupe, kamba ya msiba kiunoni. Akanijua kwa koti. "Afande," akasema, "umekuja. Alikuwa anakutaja. Kila tulipovuna alisema, Afande alinipa msimu mmoja, Mungu ananiongeza kwa siri, usiseme kwa sauti." Akachukua punje iliyooza akaitupa. "Hakupanda kitu cha kudumu. Nilimwambia, Tenywa ametuachia kona hii, tupande kahawa hata miti kumi. Akasema kahawa ni miaka mitatu, nitampandia nani? Nikasema tuezeke bati. Akasema bati la nini kwa mtu wa msimu mmoja. Nikataka mtoto mwingine. Akanigeuzia mgongo. Basi tukapanda maharage. Yanakomaa upesi." Alikuwa anasema bila kulia, kama mtu anayekuonyesha njia.

Nikamwambia. Sijui kwa nini wakati huo na si mwingine. Labda kwa sababu alikuwa anapepeta na hakunitazama. Nilimwambia mrija mweupe, na mtungi, na kwamba siku ile hata simba angepata sifuri, na kwamba nilijua. Nilimwambia gari lilipita taratibu. Nilimwambia Tenywa alikuja Mbale na jogoo, na kwamba nilimla. Ungo ulisimama mikononi mwake. Kutoka kwenye hema wanawake walikuwa wameanza wimbo, na ulikuwa mrefu, na akausikiliza mpaka ukaisha. Halafu akatazama kona ile ya maharage, kutoka mwanzo wake hadi mwisho, kama anayepima kwa macho nafasi ya mti na mti.

"Kumbe tungepanda," akasema.

Akainuka kwa kushika ukuta, akaingia jikoni. Mimi nikarudi kwenye kiti changu, maana sikujua pengine pa kwenda. Watu waligawiwa posho, ugali wa huko, na maharage. Nilimwona akija kutoka nyuma ya nyumba, taratibu, na sahani iliyofunikwa kwa jani la mgomba, anapita katikati ya wanaume nao wanajikunja kumpisha mjane. Akapiga goti mbele yangu, akafunua. Alikuwa jogoo mzima amekatwa, kwenye karanga, paja na firigisi juu. Tenywa akacheka kwa furaha, "Kula, Afande, ni wa heshima yako!" Naigaga hakuondoka. Alisimama mbele yangu, mikono imekunjwa juu ya ile kamba, na kwa kuwa yeye alisimama, hema lote likageuka kutazama. Nikala. Nilikula paja, nikala firigisi, nikala mbawa na shingo, nikameza na yasiyomezeka. Kila nilipoweka mfupa pembeni alitazama mfupa, halafu akatazama sahani, na mimi nikachukua kingine.

Ilipobaki mifupa tu nikanawa mikono, nikamshukuru kwa kupika. Nilisema kwa Kisoga, kwa sauti, vizuri, kama alivyonifundisha mwenyewe wiki ile ya kwanza. Akainama, akaichukua sahani.

Hakuitikia.